Moduli sio folda

Juzi tena mtu kanionyesha programu yake ya seva kwa NestJS, mfumo wa kuandikia programu za seva juu ya Node.js, anasema ameigawa moduli 12, naangalia naona folda 12 na kila moja inaingia ndani ya mwenzake bila hodi. Hizo ni folda tu ndugu yangu.

Moduli ni kipande cha programu chenye kazi yake, kinaficha mambo yake ya ndani na kutoa nje kile tu kilichoamua kutoa. Basi.

Neno limetoka Kilatini, modulus, kipimo kidogo. Vitruvius, mjenzi wa Roma ya kale, alikuwa anachukua unene wa nguzo kama kipimo kisha hekalu zima linapimwa kwa hicho hicho. Yaani huko ilikuwa habari ya ukubwa, na naona watu wengi bado wamebaki huko huko, wakisikia moduli wanawaza kukatakata. Ila kwenye kompyuta David Parnas, mwanasayansi wa kompyuta, alishaligeuza neno hilo tangu 1972, akasema usigawe programu kwa kufuata hatua za kazi, tafuta maamuzi magumu au yale yanayoweza kubadilika kesho, kila moduli ifiche uamuzi wake. Kwa hiyo swali sio umekata vipande vingapi, ni kila kipande kinaficha nini.

Node.js, inayoendesha JavaScript kwenye seva, ilipokuja 2009 faili lilikuwa moduli kweli, maana usichokieksipoti, yaani usichokitoa nje, hakionekani nje. NestJS ikaupandisha mpaka huo juu zaidi: huduma (kipande cha msimbo kinachofanya kazi fulani) uliyoiandika kwenye moduli ya malipo, moduli ya oda haiipati mpaka malipo waieksipoti na oda waiimpoti moduli ya malipo. Hapo ndo watu wanakwama, programu inagoma kuwaka, basi mtu anaiandikisha huduma ile ile upya kwenye oda, inawaka, anafurahi. Kumbe sasa zipo huduma mbili, kila moja na kumbukumbu yake, ukihifadhi kitu kwenye hii ile nyingine haina habari, utatafuta kosa mpaka usiku.

Kupanga kwa folda sio vibaya, mimi pia napanga hivyo, tuseme tu "nimepanga kwa folda". Ukitaka kuiita moduli, angalia kwanza orodha ya unavyoeksipoti, kama umetoa kila kitu nje, bado hujaficha chochote.