Barabara za mtaa unaokua: dhana zinazotukwamisha

Goba, Madale, Chanika, Kinyerezi: pembezoni mwa Dar es Salaam nyumba hutangulia, barabara ikafuata kama imebakiziwa nafasi. Foleni na mafuriko yakija, lawama zote huangukia ukosefu wa lami. Chanzo hasa ni kwamba ardhi ya njia haikutengwa mapema na njia zenyewe haziungani.

“Tujenge kwanza, barabara itakuja”

Itapita wapi? Lori la mchanga, gari la zimamoto na lile la kunyonya majitaka huwa na upana wa takriban mita 2.5 bila vioo vya pembeni. Uchochoro wa mita 3 kati ya kuta mbili utayapitisha kwa shida yakinyoosha, lakini hayatakata kona. Mita 6 zinatosha kwa mita 4 za magari, mtaro na njia ya waenda kwa miguu. Kabla ya ujenzi, kusogeza mpaka ni kazi ya kuhamisha bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Kuta zikishasimama, utavunja fensi, utahamisha mita ya maji na pengine shimo la choo, na hapo ndipo mikutano ya mtaa huvunjika.

“Kutoa ardhi kwa ajili ya njia ni hasara”

Tupige hesabu. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mita za mraba 600. Njia iliyo mbele yake ina mita 3 na inatakiwa ifike 6, kwa hiyo kila upande unatoa mita 1.5. Mwenye kiwanja anapoteza mita za mraba 30, yaani asilimia 5, na anapata njia ya kupitisha lori la tofali na gari la mgonjwa.

Tatizo la kweli liko kwa mwenye kona. Yeye anakatwa pande mbili, kisha pembe yake inapaswa kukatwa mita 3 kwa 3 ili madereva waonane na lori liweze kugeuka. Jumla yake ni kama mita za mraba 77, karibu asilimia 13. Wakati huohuo, mwenye kiwanja cha ndani kabisa, anayeitegemea njia hiyo kuliko wote, huenda asitoe hata hatua moja. Kumwambia mwenye kona “toa kama wenzako” si haki, na ndiyo maana hugoma. Kamati ya urasimishaji, yaani ya kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango, ipime kila kiwanja, isome hesabu hiyo mbele ya mkutano, na wasioguswa wachangie fedha za kumfidia aliyekatwa zaidi.

Makubaliano yaandikwe na kusainiwa, yaingie kwenye mchoro wa mipango miji unaoidhinishwa, kisha bikoni zipandwe. Makubaliano ya mdomo hufa siku kiwanja kinapouzwa, kwa kuwa mnunuzi hakuwepo mkutanoni.

“Mtaa wenye mlango mmoja ni mtulivu”

Ni mtulivu kwa nyumba za mwisho tu. Zilizo karibu na mlango hubeba magari ya wote, na asubuhi kila anayekata kulia kuingia barabara kuu lazima asubiri mikondo miwili ya magari iachie kwa pamoja. Lori moja likiharibika mlangoni, mtaa mzima umefungwa. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, hupendekeza angalau kilomita 18 za barabara kwa kila kilomita ya mraba. Kwa mpangilio wa miraba, hiyo ni njia kila mita 110 hivi. Pasipowezekana kupitisha gari, bakizeni mita 2 za waenda kwa miguu, maana mtoto hapaswi kuzunguka kilomita nzima kufika shule iliyo nyuma ya ukuta.

“Tupanue barabara, foleni itaisha”

Mkondo mmoja wa barabara usio na kizuizi hupitisha takriban magari 1,800 kwa saa. Kwenye makutano yenye taa, ukipewa taa ya kijani nusu ya muda, unabaki na 900. Foleni hutengenezwa makutanoni. Anzeni kwa kuondoa kijiwe cha bodaboda na kituo cha daladala mdomoni mwa makutano.

“Lami kwanza, mtaro baadaye”

Maji yakikosa pa kwenda huingia chini ya lami, tabaka la msingi hulainika, kingo humomonyoka na mashimo hufuata. Barabara ya moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa vizuri yenye mtaro itawatumikia vizuri kuliko lami isiyo nao. Barabara ya mita 4 iinamie upande wa mtaro kwa sentimita 10 hadi 12. Mtaro ushuke walau sentimita 50 kila mita 100, na mjue unaishia wapi kabla ya kuchimba, kwa sababu mingi huishia uani kwa jirani.

“Tuta likiwa kali ndiyo salama”

Tuta fupi la udongo na mawe huvunja magari na kuwaangusha wa bodaboda, ambao hulikwepa kwa kupita wanapotembea watu. Tuta linalofanya kazi lina kimo kisichozidi sentimita 10 na huchukua mita 3.7 za urefu wa barabara. Likishusha mwendo kutoka kilomita 50 hadi 30 kwa saa, umbali wa kusimama kwenye lami kavu hupungua kutoka mita 28 hivi hadi 13. Na tuta liishie kabla ya mtaro, maji yapite.