Glampingi ni nini? Maelezo kwa tunaovuka bahari kwenda kulala milimani

Matangazo ya safari za bara siku hizi yamejaa picha za mahema yenye kitanda kikubwa, zulia na taa za manjano, nyuma yake ziwa au mlima, na chini pameandikwa glampingi. Kwa ufupi, glampingi ni kulala kambini ndani ya hema ambalo mwenyeji amekwisha kulisimamisha na kulitandika, lenye kitanda na mashuka, mara nyingi na choo na bafu, na watu wa kukupikia. Wewe unafika na begi la nguo.

Kambi ya kawaida haiko hivyo, na watu wa visiwani, Unguja na Pemba, tunaielewa vizuri kupitia dago, yaani kambi ya wavuvi. Mvuvi wa Kojani au Nungwi akienda dago hubeba nyavu, sufuria, mchele, dumu la maji na turubai, akafika ufukwe wa watu akajitengenezea pa kulala na pa kupikia. Kambi ya milimani ni vivyo hivyo: hema lako, vigingi unapigilia mwenyewe, jiko na maji ni shauri yako, na kamba usipozikaza utaamka usiku wa manane kulishikilia hema lisipeperuke. Glampingi inazitoa kazi hizo mikononi mwako na kumpa mtu mwingine. Bei yake hukaribia ya hoteli, au hata huipita, kwa sababu godoro, tangi la maji na betri za sola vimepandishwa kwa gari kwenye njia mbovu, na wapo wafanyakazi wanaoishi huko huko kuvitunza.

Ninalotaka ulishike kabla hujalipia ni kwamba glampingi hubadilisha kilichomo ndani ya hema tu. Mwinuko, upepo, wanyama na maji ya ziwa vinabaki kama Mungu alivyoviumba, na ukuta wako ni kitambaa.

Tuanze na mwinuko, maana sisi hatuna uzoefu nao. Masingini, ambako ndiko juu kabisa Unguja, hapafiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari. Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ni kama mita 1,400. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro, lile shimo kubwa la volkano, wanakolala wageni wengi, ni kama mita 2,300. Kwa makadirio, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Usiku wa kipupwe ambao Mjini Magharibi unajifunika shuka, Lushoto utataka sweta na blanketi mbili, na ukingoni Ngorongoro nyuzi hushuka chini ya 10. Ndani ya hema baridi hiyo haiji kwa mlangoni pekee. Hupita chini ya kitanda ikapanda kwenye godoro, na pumzi zenu zikigusa kitambaa kilichopoa hugeuka maji. Alfajiri ukipitisha kidole ukutani utakuta matone yamejipanga, na blanketi lililoegemea upande huo limelowa. Kwa hiyo usiulize tu kama kuna kitanda. Uliza kuna blanketi ngapi kwa kila mtu, na kama usiku wanaweka chupa ya maji moto kitandani. Kambi nzuri za bara hufanya hivyo, na chupa hiyo ina faida kuliko zulia na taa zote za pichani. Sweta na soksi nzito zitafute mapema kwenye mitumba, bei yake si kubwa.

Hapa nisisitize kwa moyo wote: jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, hata liwe limebaki makaa tu, hata zipu iwe wazi kidogo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Mtu hulala nayo bila kushtuka wala kukohoa, na familia nzima inaweza isiamke. Mwenyeji akikuletea jiko kwa wema wake, mshukuru, kisha uote moto nje.

Maziwa nayo si bahari yetu. Kichocho tunakijua, Pemba na kaskazini ya Unguja kimetusumbua miaka mingi, lakini wengi hukihusisha na mito na madimbwi ya shambani. Ziwa Victoria lina kichocho cha tumbo, na konokono wanaobeba vimelea vyake hupenda kingo tulivu zenye majani, pale pale panapovutia watoto kuchezea maji. Ziwa Natron na Manyara maji yake ni ya magadi, si ya kuogea. Maziwa mengine yana mamba na viboko, na kiboko hutoka usiku kula majani nchi kavu, tena hupita njia ile ile aliyoizoea. Ukiambiwa usitoke hemani usiku bila mlinzi, usiichukue kama sheria ya kumtisha mgeni. Ziwa Chala, mpakani mwa Tanzania na Kenya mashariki ya Kilimanjaro, ni zuri ajabu, maji yake yanatoka ardhini kwa mvua za mlima huo, lakini limezungukwa na kuta za kreta, na kuteremka majini ni kazi ya miguu. Usimpeleke bibi ukadhani atatia miguu majini kama yuko Kizimkazi.

Kwa familia zetu lipo suala la stara ambalo matangazo hayaligusi. Zipo kambi zinazojiita glampingi ilhali choo na bafu ni vya pamoja, hatua kadhaa kutoka hemani. Mama na mabinti kuvuka uwanja alfajiri na taulo si jambo dogo, na kwa maoni yangu hapo fedha ya ziada ya hema lenye choo cha ndani inafaa kutolewa. Uliza pia maji moto yanapatikana saa ngapi, kwani kambi nyingi huyachemsha jioni tu, na udhu wa alfajiri kwa maji ya milimani unauma mifupa. Ulizia chakula cha halali wakati wa kuweka nafasi, usisubiri kufika mezani. Kibla hakitakusumbua: kwa Lushoto na Arusha ni kaskazini, ukielekea mashariki kidogo tu.

Ukichagua kambi iliyomo ndani ya hifadhi ya taifa, bei ya hema huenda haijajumuisha kiingilio, kwa hiyo uliza waziwazi. Chukua kitambulisho, kwani Mtanzania hulipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, na malipo ya getini hayapokelewi kwa fedha taslimu. Msimu wa masika, Machi mpaka Mei, njia za milimani huteleza na baadhi ya kambi hufungwa. Kipupwe ni kikavu na anga huwa wazi zaidi, ila ndiyo baridi yenyewe niliyoieleza.

Safari ya Lushoto msiibane katika siku moja. Boti ya asubuhi kutoka bandari ya Malindi, Unguja, inakufikisha Dar es Salaam baada ya saa mbili hivi, na wakati huo mabasi mengi ya mapema yamekwisha ondoka. Bora mlale Dar, mkamate basi la alfajiri, ili ile barabara ya kona inayopanda kutoka Mombo muipite kungali na mwanga. Walioko Pemba waulizie kwanza boti ya Tanga, maana kutoka Tanga hadi Mombo ni karibu kuliko kuzungukia Dar.