Antivairasi ikinyamaza, faili ni salama?

Wengi tunaamini kwamba faili likipita kwenye antivairasi bila onyo, halina kirusi. Si imani ya bure. Antivairasi hukamata mengi.

Ila kwa sehemu kubwa hutegemea saini, yaani alama za kirusi kilichokwisha kuonekana. Loda ni kiprogramu kidogo cha kufungua mlango na kuvuta kirusi chenyewe, na wenye nayo huibadilisha umbo kila mara. Ndiyo maana saini nyingine hutungwa na kompyuta: hulinganisha sampuli nyingi za loda moja, huchukua baiti zinazofanana, huacha wazi zinazobadilika kama anwani za kumbukumbu, kisha huijaribu saini kwenye programu safi. Ikilegea, itamkamata asiye na hatia (kikokotoo chako, kwa mfano). Ikibana mno, loda iliyoundwa upya inapenya.

Saini rahisi kuliko zote ni heshi ya faili zima, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili, na udhaifu wake unaonekana kwa dakika mbili. Kwenye Windows, andika neno "habari" ndani ya barua.txt, fungua dirisha la amri kwenye folda hiyo, uandike: certutil -hashfile barua.txt SHA256. Zitatoka herufi na tarakimu 64. Sasa ongeza nukta moja tu baada ya "habari", hifadhi, rudia amri. Mstari mzima umegeuka.