Kuunganishwa na huduma: mwenye VVU anapotoka gerezani

Siku ya kutoka, mfungwa hurudishiwa alivyoingia navyo: suruali, mkanda, simu iliyozima zamani, pesa kidogo kama zilikuwepo. Anayeishi na virusi vya UKIMWI ana mzigo mwingine unaopaswa kutoka naye, nao ni kopo la dawa na kadi ya CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU. Kuhakikisha kwamba ametoka na dawa za kumtosha, anajua kliniki anayokwenda, na kliniki hiyo imempokea kweli, ndiko kunakoitwa kuunganishwa na huduma za tiba na matunzo.

Wengi hulichanganya jambo hili na rufaa. Rufaa ni karatasi. Muuguzi wa zahanati ya gereza anaandika barua, anagonga muhuri, anamkabidhi mhusika, basi. Kuunganishwa hakuhesabiwi getini, kunahesabiwa upande wa pili: siku jina lake limeingia kwenye rejesta ya kliniki mpya na yeye ameondoka pale na dawa mkononi. Gereza linaweza kuandika barua mia kwa mwaka na likawa limeunganisha watu ishirini tu. Ukiisoma taarifa ya barua mia bila kuuliza waliofika ni wangapi, utadhani kazi imefanyika.

Kuna jambo linalowashangaza watu wakilisikia mara ya kwanza. Wako wanaotumia dawa vizuri zaidi wakiwa ndani kuliko walivyokuwa uraiani. Gerezani dawa haihitaji nauli. Hakuna kibarua cha kukosa kwa sababu ya foleni ya kliniki, na saa ya kumeza inajulikana. Sisemi gerezani ni pazuri. Kutunza siri katika selo iliyojaa ni kazi ngumu, na wapo wanaoacha dawa kwa kuogopa macho ya wenzao. Lakini mwenye kuvuka hapo, mara nyingi virusi vyake hufubaa, yaani hupungua hadi kuwa vichache mno. Huko Connecticut, Marekani, watafiti waliwapima wafungwa wakati wa kutoka na tena waliporudishwa gerezani kwa makosa mengine. Wengi waliotoka na virusi vichache mno walirudi navyo vimepanda. Yaani kilichojengwa ndani kilibomokea nje.

Kinachotokea mwilini hakina fumbo. Dawa inayotumiwa na wengi sasa, Tanzania na Kenya, ni TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake. Kinazuia virusi kuzaliana, ila hakivifikii vile vilivyojificha ndani ya chembe za mwili. Mtu akiacha kumeza, vilivyojificha vinaamka, na ndani ya wiki chache tu wingi wa virusi unaweza kurudi juu. Kinga inaanza kushuka. Ule msemo wa kliniki, kwamba virusi visivyoonekana kwenye kipimo haviambukizi, haumhusu tena, na huu ndio wakati anaporudi kwa mkewe, au mke anaporudi kwa mumewe.

Kuhusu muda wenyewe, takwimu zinazojulikana zaidi zimetoka Texas. Wafungwa 2,115 wenye VVU waliokuwa wakitumia dawa, walioachiwa kati ya 2004 na 2007, walifuatiliwa kuona ni lini walichukua dawa zao za kwanza uraiani. Walikuwa wametoka na dawa za siku 10. Hadi siku ya 10, waliokwenda kuchukua nyingine walikuwa takriban 5 katika kila 100. Siku ya 30 ilipofika walikuwa 18, na siku ya 60 walikuwa 30. Sasa angalia nani walifanikiwa zaidi: waliosaidiwa, wakiwa bado gerezani, kujaza fomu ya mpango wa serikali unaolipia dawa hizo. Fomu tu. Kwetu dawa za VVU hazilipiwi kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo kikwazo cha Texas hatuna. Tuna vyetu.

Cha kwanza ni kwamba siku ya kutoka haitabiriki. Mfungwa mwenye kifungo cha miaka miwili ana tarehe, na muuguzi akiwa makini anaweza kuanza kumwandaa miezi mitatu kabla. Lakini mahabusu je? Asubuhi anapandishwa karandinga kwenda mahakamani, wadhamini wamejitokeza, karatasi zao zimekubaliwa, na saa nane mchana yuko kwenye daladala anarudi nyumbani. Kopo lake la dawa limebaki gerezani pamoja na kadi, na zahanati inapata habari jioni, wakati wa kuhesabu watu. Kisha kuna msamaha wa Rais. Tarehe 9 Desemba 2019, kwenye sherehe za Uhuru jijini Mwanza, Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa mpigo. Ni habari njema kwa familia zao, na ni siku ngumu kwa muuguzi mmoja mwenye orodha ya wagonjwa na mwenye saa chache za kuandika barua. Ndiyo maana maandalizi ya maana huanza siku mtu anapoingia. Kadi ijazwe tangu siku hiyo, namba ya simu ya ndugu iandikwe, na akiba ya dawa iwe tayari imetengwa kwa jina lake.

Cha pili ni majina. Wapo wanaotoa jina lisilo lao wanapokamatwa, wakaandikwa hivyo hadi gerezani, na matibabu yakafuata jina hilo. Akitoka, anakwenda kliniki ya mtaani kwake ambako alikuwa na faili la zamani kwa jina la kwao. Kwenye kumbukumbu anakuwa watu wawili: mmoja mgeni, mwingine mtoro wa siku nyingi. Namba ya CTC, ambayo huonyesha mkoa, wilaya, kituo na mteja mwenyewe, ingemaliza utata huo kama ingesafiri naye. Ndiyo maana kadi ya CTC1, ile anayobeba mgonjwa, si ya kuachwa kwenye droo ya zahanati.

Na anwani nayo. Ukimuuliza mfungwa kwao ni wapi atakutajia kijiji alikozaliwa, Kondoa au Newala, na barua itaandikwa ya huko. Swali la kumuuliza ni usiku wa kwanza atalala wapi. Huenda jibu ni kwa rafiki, Manzese, Dar es Salaam.

Hapo tunafika kwenye kitu ambacho karatasi haiwezi kufanya. Mtu aliyetoka jana anawaza chakula, pa kulala, watoto kama watamtambua, mke kama bado yupo. Anabeba aibu mbili, ya jela na ya virusi, na huenda nyumbani wanajua moja tu. Kumeza kidonge mbele ya shemeji ambaye hajaambiwa si jambo dogo. Los Angeles walijaribu kumpa kila mtu mwenzake wa kumshika mkono, aliyepitia maisha kama hayo, wa kwenda naye kliniki na kukaa naye kwenye benchi. Washiriki walikuwa 356. Baada ya miezi 12, katika kundi lenye wenza hao, waliokuwa na virusi vilivyofubaa walikuwa karibu 49 katika kila 100. Katika kundi lililopata utaratibu wa kawaida walikuwa 30. Hapa kwetu watu wa namna hiyo hawahitaji kubuniwa. Kuna waelimishaji rika kwenye kliniki na kuna Konga, mabaraza ya wilaya ya WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU. Kinachotakiwa ni waruhusiwe kuingia gerezani kabla ya siku ya kutoka, ili sura ya kwanza atakayoiona kliniki iwe anayoijua.

Kwa waliokuwa wakitumia heroini kuna hatari nyingine juu ya hiyo. Mwili uliokaa muda bila dawa hiyo unapoteza uzoefu, na kipimo cha zamani kinaweza kuua. Katika jimbo la Washington, Marekani, wiki mbili za kwanza baada ya kutoka zilikuwa na hatari ya kifo mara 12.7 ya wakazi wengine, na kilichoongoza kuua ni dawa za kulevya. Mtu kama huyo anapaswa kuunganishwa na CTC na pia na kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011.

Na hili si hisani. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, zilizopitishwa 2015, zinataja VVU na kifua kikuu kwa jina katika kanuni ya 24, zikitaka huduma za afya gerezani zifungamane na zile za uraiani ili matibabu yasikatike. Kwenye kituo hilo hugeuka kuwa kazi ya simu moja. Wiki mbili baada ya mtu kutoka, kwa ridhaa aliyoitoa kabla, muuguzi wa gereza anapiga CTC ya Manzese na kuuliza kama namba fulani imefika. Akijibiwa bado, anampigia ndugu, wala hataji ugonjwa. Anasema anamtafuta, amwambie apige.