Stika ya Dola 25: Fedha za Pikipiki za Porini Arizona Zinakwenda Wapi

Joto la Arizona likianza kushuka, mwezi wa kumi hivi, vijana wetu wa Phoenix na Tucson hupakia pikipiki kwenye trela na kuelekea jangwani. Wengi wao ni watoto wa familia zilizotoka Kongo, zikapita kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, kabla ya kuletwa Marekani. Ndio hao wanaonifuata baada ya madarasa yetu ya udongo na ardhi na swali lililonifanya niandike makala haya: "Mwalimu, stika nimelipia. Sasa askari wa wanyamapori amenipiga faini ya nini?"

Tuanze na stika yenyewe. Tangu mwaka 2009 sheria ya Arizona inataka pikipiki za porini, pikipiki za magurudumu manne na vile vigari vyepesi vya jangwani viwe na stika vinapotumika kwenye ardhi ya umma. Mkazi wa jimbo hulipa dola 25 kwa mwaka kupitia idara ya usajili wa magari. Anayetoka jimbo jingine hulipia yake kwa Idara ya Wanyamapori na Samaki.

Chukua hizo dola 25 za mkazi uzigawe kama sheria inavyozigawa. Asilimia 30, yaani dola 7 na senti 50, huingia kwenye mfuko wa barabara za kawaida. Dola 17 na senti 50 zinazobaki huingia kwenye mfuko maalumu wa vyombo vya porini, na huko hugawanywa tena. Mamlaka ya hifadhi za jimbo hupata asilimia 60, yaani dola 10 na nusu. Idara ya Wanyamapori na Samaki hupata asilimia 35, dola 6 na senti 12 hivi, kwa ajili ya doria na elimu. Idara ya Ardhi ya Jimbo huambulia asilimia 5, senti 87 hivi. Mfuko huo hupokea pia asilimia 0.55 ya kodi ya mafuta ya magari, kwa sababu petroli ya pikipiki ya porini imekatwa kodi kama nyingine ingawa haikuchomwa kwenye lami.

Zile dola 10 na nusu hazionekani kwa urahisi, lakini ukijua pa kutazama utaziona: kibao cha njia, ramani kwenye maegesho, uzio unaozuia kona ya mlima isiendelee kumomonyoka, mtaalamu wa mambo ya kale anayekagua eneo kabla njia haijafunguliwa, mafunzo ya wale wajitoleaji wanaokusimamisha kwa heshima na kukuuliza kama unaijua njia. Fedha nyingi hutolewa kama ruzuku kwa wanaosimamia ardhi, na kuna kamati ya wananchi inayoshauri maombi yapi yapewe.

Senti 87 ndizo zinazoniuma. Idara ya Ardhi ya Jimbo inasimamia ekari zipatazo milioni 9.2 za ardhi ya amana, ardhi ambayo Arizona ilipewa na serikali kuu ilipokuwa ikiundwa kuwa jimbo, na likawa jimbo kamili mwaka 1912. Ardhi hiyo iliwekwa ili ilete mapato, na mnufaika mkubwa ni shule za umma. Anayekodi kipande cha malisho pale analipia elimu ya watoto, wakiwemo wako na wangu. Stika inakuruhusu kukatiza ardhi hiyo kwa kufuata njia zilizopo, basi. Ukichora njia mpya ndani yake umeharibu mali ya shule, na fungu la kuirekebisha ni zile senti.

Hapo ndipo lilipo jibu la yule kijana. Stika ni ruhusa ya kupita mahali palipofunguliwa. Sheria ya jimbo inakataza kutoka nje ya barabara au njia iliyopo kwa namna inayoharibu makazi ya wanyama, kingo za mito, mabaki ya kale au maliasili nyingine, na inakataza kuingia palipofungwa. Kwetu wengi tumekulia mahali ambapo kila shamba lina mwenyewe anayejulikana kwa jina, hata kama halina ukuta. Tukifika huku tukaona jangwa halina uzio, halina nyumba, halina mtu, tunadhani ni pori lisilo na mwenyewe. Lina mwenyewe. Mara nyingi lina wenyewe watatu ndani ya safari ya saa moja: jimbo, misitu ya taifa, na kabila la wenyeji asilia ambao ardhi yao huwezi kuiingia bila idhini yao, stika au bila stika.

Kwenye mafunzo ya nje huwa natembea na chupa ya maji. Natafuta mahali ambapo udongo umefunikwa na utando mweusi wenye vijinundu, mtu asiyejua huuona kama uchafu ulioungua. Nawaomba wapige magoti, namwaga maji kidogo. Dakika chache tu, ule weusi huanza kuwa kijani mbele ya macho yao. Ni viumbe hai: bakteria, mwani na kuvu wadogo mno, wamelala wakisubiri mvua, na nyuzi zao ndizo zinazoshika chembe za udongo zisipeperuke. Kisha namwaga maji yaleyale kwenye alama ya gurudumu hatua mbili kutoka hapo. Yanatuama. Udongo umeshindiliwa, maji hayazami, na mvua kubwa ikija yatakimbia na alama hiyo kama mfereji mpaka liwe korongo.

Mtu akiniambia jangwa litajirekebisha lenyewe, namtajia jeshi la Jenerali George Patton. Mwaka 1942 lilianza kufanya mazoezi ya vifaru katika majangwa ya California na Arizona, likijiandaa kwa mapigano ya Afrika Kaskazini katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alama za minyororo ya vifaru vile bado zinaonekana. Karibu na mji wa Blythe, California, ng'ambo ya Mto Colorado, kuna michoro mikubwa ya watu na wanyama ambayo wenyeji asilia waliichora kwa kukwangua mawe ya juu ya ardhi. Mmoja una urefu unaozidi mita 50. Magari yalipita juu yake kabla haujazungushiwa uzio, na alama za magurudumu zimebaki pamoja na mchoro.

Vumbi nalo si la kuchezea. Udongo wa Arizona una kuvu aitwaye Coccidioides, anayesababisha homa ya bonde. Ukivuta vumbi lenye mbegu zake unaweza kukohoa kwa wiki kadhaa ukidhani ni mafua, na kwa wengine ugonjwa hushika mapafu vibaya. Arizona inaongoza Marekani nzima kwa wagonjwa wake. Kikohozi kisichoisha baada ya safari ya jangwani mwambie daktari ulikuwa wapi, usingoje akuulize. Na katika eneo la Phoenix, siku inapotangazwa tahadhari ya uchafuzi mkubwa wa hewa, sheria inazuia kuendesha vyombo hivi kwenye ardhi isiyo na lami.

Kuna pia wasioweza kukimbia. Mdungusi wa saguaro unaouona mrefu kuliko nyumba huanza maisha chini ya kivuli cha mti mwingine, na ukiwa na miaka minane huenda haujafika sentimita nne. Anayekatiza kichakani kukwepa jiwe haoni alichokanyaga.

Kabla hujatoka nyumbani, chukua ramani ya msitu unaokwenda. Katika Msitu wa Taifa wa Tonto, barabara isiyokuwemo kwenye ramani ya magari ni barabara iliyofungwa, hata kama haina kibao na hata kama wengine kumi wamepita asubuhi hiyo. Mto mkavu haugeuki njia kwa sababu una mchanga mzuri. Eneo la Bulldog Canyon, ndani ya msitu huo, linahitaji kibali cha ziada. Aliye chini ya miaka 18 avae helmeti, na kelele ya injini isizidi desibeli 96.

Ukipita mahali ukakuta matawi makavu yamefukiwa yamesimama wima kwenye mchanga, kama vichaka vilivyokufa vikiwa vimejipanga, usiyang'oe. Wajitoleaji waliyachimbia pale kwa mkono, moja moja, ili alama ya gurudumu isionekane na dereva anayefuata asiifuate. Matawi hayo hukusanya mbegu na maji kidogo ya mvua, na misimu kadhaa baadaye ndani yake utakuta majani machanga.