Slaidi Safi Haithibitishi Kwamba Leza Haikuunguza Ngozi

Dhana: "H&E imetoka safi, basi leza haikudhuru seli."

Maneno haya yanafuatana na biopsi (vipande vya ngozi vilivyokatwa ili vipimwe) kutoka kliniki za ngozi Kisumu, Kakamega na Nakuru, na yanachosha. Hematoksilini na eosini, yaani H&E, ni rangi za slaidi za hadubini, nazo huonyesha umbo. Seli iliyouawa na joto dakika tano zilizopita bado ina umbo lake: kiini kipo na rangi inaingia kama kawaida. Dalili za kufa hujitokeza baada ya saa kadhaa, mara nyingi siku nzima. Ukikata kipande mgonjwa akiwa bado kitandani na kukitumbukiza kwenye formalini, kimiminika cha kuhifadhi tishu, umezizuia dalili hizo zisitokee kabisa.

Kujua seli ipi ilikuwa hai, pima kimeng'enya. Kwa NBTC, kipimo cha rangi kinachotegemea kimeng'enya hicho, seli hai hugeuka buluu, zilizopikwa hukosa buluu, na mpaka huonekana wazi. Formalini huua kimeng'enya hicho, kwa hiyo kata vipande viwili kwa panchi (kisu cha duara) ya milimita 4. Kimoja kiende kwenye formalini ya 10% yenye bafa, ujazo mara kumi ya kipande, saa 24. Cha pili kifunge kwa chachi yenye salaini, ndani ya kichupa kilichofungwa, juu ya barafu, kifike maabara haraka kigandishwe na kukatwa mikromita 8 hadi 10. Usikitie kwenye friza ya kawaida: kikiganda polepole, fuwele za barafu hutoboa seli, na matundu hayo husomwa kama malengelenge ya leza. Bila barafu, kwa joto la Kisumu, buluu hupotea hata pale leza haikugusa. Ndiyo maana kipande cha tatu, cha ngozi jirani isiyopigwa, ni lazima. Kila mara!

Dhana: "Ngozi nyeusi ina melanosaiti nyingi zaidi."

Melanosaiti ni seli zinazotengeneza melanini, rangi ya ngozi. Idadi yake inakaribiana. Tofauti iko kwenye melanosomu, vifuko vya melanini: ni kubwa zaidi na zimetawanyika hadi tabaka za juu za epidamisi, ngozi ya nje. Kwa hiyo leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064, ambayo melanini huifyonza kidogo kuliko ya nanomita 755, ni salama zaidi kwetu.

Dhana: "Ongeza ukuzaji ndiyo uone kina cha jeraha."

Hapana. Kina hupimwa kwa lenzi ya kukuza mara 4 au 10, kwa mikrometa (rula ndogo ya hadubini) iliyosawazishwa kwenye lenzi hiyo hiyo. Ukiona visiwa vya demisi (ngozi ya ndani) vimezungukwa na epidamisi, kipande kimekatwa mshazari na kina kitazidi ukweli. Rudi kwenye bloku iliyoshika kipande, ukielekeze upya na ukate tena.