Eti simu haina mdomo

Nimeambiwa tena, safari hii na mama wa kijana ninayemhudumia: “Usiku anaongea na akili mnemba, daktari. Afadhali. Ile haina mdomo, haiwezi kumtangaza.” Mimi ni mwanasaikolojia, si daktari, lakini hilo nimelizoea. La mdomo limenishinda.

Siri ya chumba cha ushauri haina maana kwamba mshauri ni bubu. Mteja akinitajia kujiua, namuuliza wazi: una mpango? una njia? umepanga siku? Hatari ikiwa karibu, lazima mtu mmoja wa nyumbani ajue leo, na tunamchagua pamoja. Hayo nilimweleza kijana huyu siku ya kwanza, kabla hajafungua moyo. Kwa hiyo siri yetu ina mipaka anayoijua, na ina mtu wa kuibeba. Nikiivunja ovyo, nashtakiwa mimi. Kwenye programu tumshtaki nani?

Anachoiandikia kinaenda kwenye kompyuta za kampuni, mara nyingi nje ya nchi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hapa Tanzania, inahesabu habari za afya kuwa nyeti, sawa. Lakini mwaka 2023 huko Marekani, BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha mtandaoni ambayo washauri wake ni watu kabisa, ilikubali kulipa dola milioni 7.8, bila kukiri kosa, kwa tuhuma za kuwapa Facebook na wengine taarifa za wateja kwa ajili ya matangazo. Hakuna mshauri aliyefungua mdomo pale. Mfumo ndio uliopeleka.

Hata kosa letu si jipya. Mwanasayansi wa kompyuta Joseph Weizenbaum alipotengeneza ELIZA, programu ya kuzungumza na watu kwa maandishi, mwaka 1966, watu waliimiminia yao ya moyoni. Aliposema angeweza kuyapitia mazungumzo yao, wakamjia juu kwamba anawapeleleza. Walijua ni mashine, wakasahau kuwa ina mwenyewe.

Lakini kuna jambo linaninyima usingizi. Kijana huyu (ameniruhusu kuandika, na nimebadilisha yanayomtambulisha) aliiandikia simu usiku mmoja jambo ambalo kwangu lilichukua miezi mitano. Saa nane za usiku mimi nimelala. Tena kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, sasa nimlaumu vipi akiogopa masikio ya binadamu? Nikimkataza, huenda nafunga mlango pekee aliokuwa nao.

Sikumkataza. Nilimwomba aondoe jina, shule na mtaa, na azime ruhusa ya mazungumzo yake kutumika kuifundisha programu. Kisha tukafika kwenye neno moja. Aliwahi kuandika “nataka kupumzika tu”, ikamjibu kwa mawaidha ya kulala mapema. Mimi nilipolisoma kwenye kioo cha simu yake, mikono iliniganda. Neno hilo, tumekubaliana, haliandikii mashine tena. Anampigia shangazi yake, saa yoyote, na shangazi ameshaambiwa maana yake.